Mume, Mke na Mzigo wa Safari

Bila shaka wewe msomaji umepata kufunga mzigo wa safari, hata kama ilikuwa ni safari ya kwenda shule ya bweni tu. Ulifungua sanduku lako ukatia nguo, vitabu, sabuni na blanketi. Mama akaongeza hiki, shangazi akaongeza kile, hata kifuniko kikakataa kufunga. Hapo ndipo mzigo wako ulipokuuliza swali ambalo kila msafiri huulizwa: kitu gani ni cha lazima, na kitu gani ni cha mazoea tu? Ukalijibu kwa kutoa baadhi ya vitu na kuviacha nyumbani. Safari yako ilikuwa ya muhula mmoja. Nataka sasa tuwatazame mume na mke waliosafiri katika nchi za mto Nili kwa muda wa miaka minne, toka 1861 hata 1865. Wao hawakuupunguza mzigo wao kwa hiari. Njia yenyewe iliwapokonya kitu kimoja kimoja, hata wakajua kwa shida ni vitu vichache vipi vinavyotosha kumweka mtu hai. Watu hao ni Samuel Baker na Florence mkewe.

Vitabu vingi vya historia huwataja kwa mstari mmoja, kwamba Baker alivumbua Ziwa Albert mwaka 1864. Mstari huo una makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumtaja mtu mmoja ambapo waliofika walikuwa wawili. Kosa la pili ni kubwa zaidi: ziwa lile halikuwa limepotea hata livumbuliwe. Watu wa Bunyoro waliliita Mwitanzige, yaani muuaji wa nzige. Walivua samaki humo, na chumvi ya kando yake ilibebwa kwenda kuuzwa mbali. Nitajitahidi kuyakumbuka makosa hayo mawili katika maelezo yangu yote, nawe msomaji unikumbushe kama nikisahau.

Samuel Baker alizaliwa London mwaka 1821 katika nyumba ya watu wenye mali. Mali ile ilitokana na mashamba ya miwa ya Jamaika na Morisi, na miwa ile ililimwa na watumwa. Alipokuwa kijana aliishi miaka kadhaa katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Mkewe wa kwanza alifariki mwaka 1855, akamwachia mabinti wanne. Mwaka 1859 alifika Vidin, mji ulio juu ya mto Danube, ambao leo umo Bulgaria lakini siku zile ulitawaliwa na Waturuki. Katika mji huo watu waliuzwa mnadani kama mbuzi, na miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja aliyezaliwa Transylvania, aliyefanywa yatima na vita vya mwaka 1848 na 1849. Jamaa za Baker husimulia kwamba alitaka kumnunua, akashindwa bei na pasha wa mji, na usiku akamtorosha. Iwe ilikuwa hivyo au vinginevyo, msichana alitoka Vidin pamoja naye, wala hawakutengana tena. Huyo ndiye Florence. Wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 20.

Fikiri basi, msomaji, juu ya jozi hii ya wasafiri. Mmoja alikulia katika mali iliyochumwa na watumwa. Mwingine alikuwa mwenyewe bidhaa sokoni. Mmoja alijua vizuri kuwa na vitu vingi ni nini. Mwingine alijua kutokuwa na kitu, hata nafsi yake. Katika mambo yatakayofuata utaona ya kuwa elimu ya huyu wa pili haikuwa na faida ndogo.

Waliondoka Cairo tarehe 15 Aprili 1861. Mwaka wao wa kwanza waliutumia katika mito ya mpaka wa Sudani na Uhabeshi, wakichunguza maji yanavyojaa na kupungua, na kujifunza lugha ya Kiarabu. Masika yalipowakuta mahali panapoitwa Sofi, walihitaji nyumba. Baker akanunua kibanda cha msonge kwa piastre kumi, yaani shilingi 2 za Kiingereza za siku zile. Paa la kibanda lilibebwa na watu mabegani mpaka mahali alipopachagua, likasimamishwa, na kabla ya jua kuchwa mume na mke walikuwa na makao. Katika kitabu chake Baker alikisifu kibanda hicho kwa furaha nyingi, jinsi kilivyokuwa rahisi, safi, na kisivyo na kodi. Alikuwa ametoka katika nchi ambayo nyumba ya mtu wa cheo chake ilimla fedha mwaka hata mwaka. Somo lilikuwa jepesi nalo lilimpendeza. Lakini lilikuwa somo la mtu mwenye fedha mfukoni, ambaye akichoka na kibanda aweza kukiacha. Masomo mazito yalikuwa mbele.

Walifika Khartoum mwezi wa Juni 1862, na tarehe 18 Desemba mwaka huo wakapanda Nili kwenda kusini. Sikiliza mzigo wao: mashua 3, watu 96, ambao 45 kati yao walikuwa na bunduki, farasi 4, ngamia 4 na punda 21, nafaka ya miezi mingi, makasha ya shanga, shaba, nguo, dawa na baruti. Khartoum ya wakati huo iliishi kwa biashara ya pembe na watumwa. Wafanya biashara hawakumpenda mgeni aliyekuwa na macho ya kuona na mkono wa kuandika, na askari aliowaajiri walikuwa watu wa biashara hiyo hiyo. Msafara ulionekana mkubwa, lakini sehemu kubwa ya ukubwa huo haikuwa yao kwa moyo.

Tarehe 2 Februari 1863 walifika Gondokoro, karibu na mahali ulipo leo mji wa Juba. Baada ya siku kumi na tatu wakatokea kusini watu wawili waliokonda, nguo zao zimechakaa. Walikuwa Speke na Grant, ambao walitoka Unguja mwaka 1860 wakapita Buganda na Bunyoro. Speke akawapa Baker na Florence habari aliyoisikia kwa Wanyoro juu ya ziwa jingine kubwa upande wa magharibi, ambalo yeye hakuliona. Hivi ndivyo safari yao ilivyopata shabaha: kwa maneno ya wenyeji yaliyopita katika kinywa cha mgeni.

Lakini pale pale Gondokoro mzigo ulianza kupukutika. Askari waliasi. Siku ya kwanza ya maasi Baker alikuwa amekwisha mpiga kiongozi wao, bunduki zimeinuliwa, na damu ilikuwa karibu kumwagika. Florence, aliyekuwa mgonjwa wa homa, alitoka mbio akaingia katikati ya kundi, akawaita wale wenye akili wamsaidie, kisha akamwombea kiongozi yule msamaha. Fitina ikatulia kwa muda. Mwezi wa Machi maasi yakarudi, na walipoondoka tarehe 26 walikuwa na watu 17 tu wenye bunduki. Hawakuwa na kiongozi wa njia wala mkalimani. Iliwalazimu kufuata nyuma ya msafara wa mfanya biashara wa pembe aitwaye Ibrahim, ambaye aliapa kuwazuia. Njiani misafara miwili ikakutana. Baker, kwa kiburi chake, alitaka kumpita Ibrahim bila salamu. Florence akamsihi amwite, naye akaongeza maneno yake mwenyewe. Wakasemezana, wakapeana ahadi ya zawadi, na uadui ukageuka kuwa mapatano. Mapatano yale hayakuwa safi, maana walipata njia nyuma ya watu waliofunga wenzao minyororo. Msafiri mwenye vitu vichache hachagui sikuzote ni nani atakayeandamana naye, na jambo hili yafaa tuliseme wazi kuliko kulifunika.

Katika nchi ya Obbo masika yaliwafungia muda mrefu. Ndorobo na magonjwa yakaua farasi, kisha ngamia, kisha punda, hata asibaki mnyama hata mmoja. Kwinini, dawa pekee ya homa waliyokuwa nayo, ikaisha. Wakanunua ng'ombe dume wa kupanda. Baker akawapa majina ya vyakula vya kwao alivyovitamani. Florence alivaa suruali na mkanda kama mumewe, kwa sababu gauni la Kizungu halikufaa katika miiba. Mzee Katchiba, mtawala wa Obbo na mwombaji mvua, aliwapokea kwa wema. Baker alipotaka kwenda kuchunguza njia, alimwacha Florence chini ya ulinzi wa mzee huyu pamoja na watu wanane, naye mzee akamlinda kama binti yake hata mume aliporudi. Utazame mambo haya, msomaji: kadiri makasha yalivyopungua, ndivyo wenyeji walivyozidi kuwa muhimu. Mtu mwenye punda 21 aweza kupita katika nchi bila kujua jina la mwenye nchi. Mtu asiye na punda lazima ajue jina, aamkie, na aombe.

Mwezi wa Januari 1864 walitoka Obbo, na tarehe 22 wakafika Nili karibu na maporomoko ya Karuma, mpakani mwa Bunyoro. Wanyoro waliwatilia shaka, kwa sababu muda mfupi tu kabla ya hapo wafanya biashara waliojiita rafiki za Speke waliingia wakaua watu na kuteka nyara. Shaka yao ilikuwa ya haki. Ndugu wa Mfalme Kamurasi alijifanya ndiye mfalme, ili mfalme mwenyewe akae salama wakati wageni wakipimwa. Akadai zawadi juu ya zawadi, hata mwisho akasema kwamba Baker aende ziwani, lakini mkewe abaki. Baker akachomoa bastola. Florence akasimama akamkemea kwa Kiarabu, na mkalimani wao, mwanamke wa Kinyoro aitwaye Bacheeta, akayafasiri maneno yale kwa uso mkali kama wa mwenyewe. Yule ndugu akastaajabu, akasema hakukusudia ubaya. Katika siku ile wanawake wawili waliopata kuuzwa sokoni, mmoja Ulaya na mmoja Afrika, walisema kwa sauti moja kwamba mtu si kitu cha kubadilishana. Kitabu cha Baker hakikulisema jambo hili hivi. Lakini sisi twaweza kulisoma hivi.

Siku chache baadaye walivuka mto Kafu juu ya majani yaliyosongana, yaliyozama kidogo kwa kila hatua. Baker alitangulia. Alipogeuka nyuma alimwona Florence anazama polepole katika majani, uso umemgeuka rangi. Jua lilikuwa limempiga. Akabebwa kwa machela siku nyingi bila fahamu, huku Baker akitembea kando. Usiku mmoja watu walitia mpini mpya katika sururu wakatafuta mahali pakavu pa kuchimba kaburi. Kulipokucha akafumbua macho, na akili zake zilikuwa timamu. Tarehe 14 Machi 1864, akiegemea bega la mumewe na kuyumba kwa udhaifu, aliteremka mteremko mkali mpaka penye mchanga na maji. Baker akaliita ziwa kwa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria aliyekuwa amekufa mwaka 1861. Alidhani linaenea kusini bila mwisho. Kumbe urefu wake ni kilometa 160 hivi tu. Hata jicho la mtu aliyefika hukosea.

Wakasafiri ziwani siku kumi na tatu kwa mitumbwi ya kuchonga, na shuka ya Kiskoti ya Baker ikawa tanga. Walipouingia mto waliona maji ya Nili yakipita katika ufa mwembamba wa mwamba na kuanguka kwa kishindo. Haya ndiyo maporomoko aliyoyaita Murchison. Baada ya hapo wapagazi wakawakimbia, nao wakakwama kwa miezi miwili, wote wawili wanatetemeka kwa homa, hawawezi kutembea. Chakula chao kilikuwa unga wa ulezi ulioota ukungu, ambao watumishi wao waliuvumbua katika ghala ya chini ya ardhi, na majani ya porini kama mchicha. Chai yao ilikuwa majani ya mwitu yaliyochemshwa. Baker aliota nyama ya kuchoma na bia ya Kiingereza. Akamwagiza kiongozi wa watu wake kwamba wao wakifa, ramani na daftari zipelekwe kwa balozi Khartoum. Hapo mzigo wote wa mashua 3 ulikuwa umebaki mambo mawili: karatasi zilizoandikwa yale waliyoyaona, na kila mmoja wao kwa mwenzake.

Wala usidhani kwamba hapo walikuwa watu wa kuonewa huruma peke yao. Unga ule wa ulezi ulifichwa na wanakijiji waliokimbia vita. Na mtu aliyekula akiba ya mwingine humwachia njaa. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baker aliandika kurasa nyingi juu ya mateso yake, lakini wapagazi waliomkimbia aliwaita wavivu na waongo, na aliwadharau katika maandishi yake watu wale wale waliompa maji, machela na njia. Hakujiuliza sana kwa nini mtu aache shamba lake msimu wa kulima akabebe sanduku la mgeni. Naomba wewe ujiulize kwa niaba yake.

Hata katika umaskini ule lilibakia kitu kimoja cha ajabu. Kamurasi wa kweli alipowaita hatimaye, Baker alitoa katika mzigo vazi kamili la Kiskoti, na mtu aliyekosa unga na dawa akaenda mbele ya mfalme amevaa kama siku ya sherehe. Twaweza kucheka, na kicheko si haramu. Lakini huenda vazi lile lilikuwa ni la lazima kwa namna yake, kwa kuwa lilimkumbusha Kamurasi, na Baker mwenyewe, kwamba huyu si mwombaji.

Walirudi kwa taabu mpaka Khartoum, wakafika tarehe 5 Mei 1865, ambapo watu wengi walikuwa wamekwisha wahesabu kuwa wafu. Tauni ilikuwa imeingia katika mashua yao, na siku chache kabla ya kufika ikamwua Saat, mtoto aliyepata kuwa mtumwa, ambaye Florence alimlea na kumfundisha. Wakamzika chini ya mti jangwani. Tarehe 4 Novemba 1865 Baker na Florence walioana London kwa sheria ya nchi yake. Mume akapata nishani ya dhahabu na cheo cha heshima. Lakini Malkia hakukubali kumpokea mke, kwa sababu waliishi pamoja kabla ya ndoa. Aliyevuka Kafu hakustahili, eti, kuvuka kizingiti cha jumba.

Laiti habari ingekoma hapa, tungeifunga kwa sifa. Lakini historia haikomi pale tupendapo. Mwaka 1869 wakarudi, safari hii kwa amri ya Khedive Ismail wa Misri. Baker alipewa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, askari zaidi ya 1,000, mizinga, na meli za moshi zilizopakiwa vipande vipande. Kazi aliyopewa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa na kuzitia nchi za juu ya Nili chini ya Misri. Kamurasi alikuwa amekufa, na mwanawe Kabalega alikuwa mfalme. Tarehe 14 Mei 1872 Baker alisimamisha bendera Masindi, akatangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Tarehe 8 Juni vita vikazuka. Baker aliandika kwamba Kabalega alimsaliti. Lakini tuulize, ni nani huitwa msaliti katika nyumba yake mwenyewe? Baada ya siku sita wageni wakatia moto majengo yao wakakimbia, wakishambuliwa kwa mikuki katika majani marefu njia nzima. Kwa mara nyingine mzigo uliteketea, na kwa mara nyingine Florence alikuwa miongoni mwa waliookoka. Kabalega alipigana na wageni wengine baadaye, mpaka Waingereza wakamkamata mwaka 1899 na kumpeleka Shelisheli. Alikufa mwaka 1923 akiwa njiani kurudi, kabla ya kufika kwao.

Linganisha safari hizi mbili. Katika ya kwanza walifika ziwani hali wanaegemea mabega ya watu. Katika ya pili walifika Masindi na mizinga. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa mwaka 1872 hakumponya mwenyeji, alimchomea. Sisemi kwamba umaskini huwafanya watu kuwa wema, maana Baker maskini alikuwa na kiburi kama Baker tajiri. Nasema tu kwamba mtu aliyepungukiwa hulazimika kusikiliza, na aliyejaa huona anaweza kuamuru.

Mwaka 1884 watu walitaka Baker arudi tena Sudani katika ghasia za Mahdi. Alikuwa amekwisha ahidi kwamba hatakwenda bila mkewe. Florence akakataa kwenda, naye akabaki. Waliishi pamoja Devon mpaka mume alipofariki mwaka 1893. Mke akamfuata mwaka 1916.

Basi msomaji, siku moja wewe nawe utafunga mzigo wa safari ndefu, pengine ya kwenda kuishi ugenini, pengine pamoja na mume au mke wako. Siku hiyo sanduku litakapokataa kufunga, toa vitu bila huzuni, kwa kuwa kibanda cha shilingi 2 kilitosha. Lakini kabla hujatoka mlangoni jiulize pia maswali mawili ambayo Baker hakuyauliza vya kutosha: mzigo huu uliobaki utabebwa na bega la nani? Na huko niendako, nitabisha hodi, au nitaingia?